Uzito wa Kiraka

Nilipigiwa simu asubuhi, nikiwa nyumbani Moshono nafua. Aliyepiga alikuwa mmoja wa wenzangu tuliokuwa tukipeleka wageni ziwani, na hata salamu hakumaliza.

"Mama, njoo uone mtumbwi wako," akasema. "Ila usije mbio. Hakuna tena cha kuwahi."

Nilikwenda mbio.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwazungusha wageni kwa mitumbwi kwenye ziwa dogo lililo chini ya mlima Meru, ziwa la kreta, yaani shimo la volkano ya kale, lenye msitu pande zote na maji ambayo watu wa kwetu husema hayana mwisho. Tulikuwa kikundi, wanaume watupu na mimi. Mitumbwi ya kikundi ilikuwa ya faiba nene, kila mmoja unataka watu wawili wenye nguvu kuutoa bandani mpaka majini. Na mimi bega langu la kulia halipandi juu tangu nilipoteleza kwenye njia ya mteremko kule Nkoaranga, nilikozaliwa, nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa hiyo kila siku ya kazi niliianza kwa kuomba. "Kaka, nishikie upande huu." "Mzee, nisaidie kuusogeza." Wapo waliosaidia kwa moyo. Wapo pia walionisubirisha huku wakinywa chai, mpaka wageni wangu wakachoka kusimama wakahamia kwenye mtumbwi wa mwingine.

Hayo yaliisha nilipopata mtumbwi wa njano.

Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, aliyeishi upande wa Usa River na kuja ziwani peke yake mara kwa mara, alipoamua kurudi kwao moja kwa moja aliniachia wake. "Huu utaubeba," aliniambia. Alikuwa ameniona nikiomba. Ulikuwa mtumbwi wa mpiga kafi na mgeni mmoja tu, mwembamba, uliotengenezwa kwa kevla, kile kitambaa cha njano kinachotiwa kwenye fulana za kuzuia risasi, kikaloweshwa resini, gundi ya majimaji, na kukauka kigumu. Ukiusimamisha juani unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Nilisokota ngata ya khanga, nikaiweka utosini, nikaupindua mtumbwi juu yake na kutembea nao mpaka majini kama ninavyotembea na mzigo wowote wa shambani. Ulikuwa mwepesi kuliko mkungu ule ulioniharibu bega. Siku hiyo sikumwomba mtu chochote.

Mtumbwi ule nilikuwa nauweka ndani ya banda, juu ya boriti, ambako haukumzuia mtu. Lakini jana yake mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameleta mtumbwi mpya wa watu watatu, na ili upate nafasi, wangu ulitolewa nje ukalazwa kifudifudi chini ya mgrivelia mkubwa. Masika ilikuwa inaaga kwa upepo, kama kawaida yake. Tawi lilikatika, likatua juu ya mtumbwi wangu.

Niliukuta umebonyea ubavuni. Ufa ulikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Resini ilikuwa imevunjikavunjika na kuwa nyeupe kama chumvi, nyuzi za njano zimechomoza kama manyoya ya kifaranga, na katikati palikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ilipita. Nilipitisha ngumi makusudi. Nilitaka kujua ukubwa wa jambo lenyewe.

Mwenyekiti alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mwanamume mpole wa maneno, aliyezoea kusikilizwa.

"Ni kazi ya Mungu, mama," akasema.

"Mungu ndiye aliyeutoa bandani?"

Wenzake wakatazama chini. Yeye hakutazama chini. Alicheka kidogo, kama mtu anayemvumilia mtoto.

"Usichukie. Kitu chepesi namna hii kilikuwa cha kuchezea tu, kingevunjika leo au kesho. Ukate katikati, utapata mahori mawili mazuri ya nguruwe."

Wakacheka. Nikamwambia sifugi nguruwe.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitauziba."

"Utauziba na kitu gani?"

Hapo alinipata, maana sikujua. Nilijua kupiga kafi, nilijua upepo wa mchana unaanzia wapi kwenye yale maji na ndege gani anaota jua kwenye gogo lipi. Kuhusu kitu nilichokuwa nakalia kila siku, kwamba kimeumbwa na nini na kinashonwa na nini, sikujua hata chembe. Lakini sikumwambia hivyo. Nilisema, "Utaona." Kisha nikatafuta kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na dereva wake tukaufunga mtumbwi juu yake na blanketi chini, tukaupandisha Nkoaranga kwa mama yangu, kwenye banda lake la kukaushia kahawa, mahali pakavu ambapo hakuna mtu wa kuutoa nje.

Mama aliuzunguka mara moja, mikono nyuma.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakipanda juu ya yale maji?" akauliza. "Kama ganda la yai?"

"Ndicho, mama."

"Na unataka kukirudia?"

"Nataka."

Mama yangu hajawahi kukanyaga maji yanayopita kifundo cha mguu, na ziwa lile aliliombea liwe mbali na wanawe tangu tukiwa wadogo. Lakini alileta gunia, akafunika lile tundu, kwa sababu, alisema, kuku wataingia.

Nilianza na Themi, kwenye viwanda vya mjini, kwa fundi anayetengeneza bampa za magari na matangi ya faiba. Nilikuwa nimevunja kipande kidogo kilichoning'inia kwenye ufa, nikakibeba kwenye mfuko. Alikigeuza kwenye mwanga, akakipinda, akakinusa hata.

"Mama, hii kazi ndogo," akasema. "Nakupigia mati safu kadhaa kwa nje, na kwa ndani hivyo hivyo. Unajua mati? Hii hapa." Akanionyesha kitambaa cheupe cha nyuzi zilizotawanyika ovyo kama nywele zilizokatwa saluni. "Naloweka resini, natia hadina ya kuigandisha, ndani ya saa moja kitu kimekuwa jiwe. Hata kiboko akigonga, yeye ndiye ataumia."

"Na uzito?"

"Uzito gani?"

"Mtumbwi utakuwa mzito kiasi gani ukishamaliza?"

Aliniangalia kama nimemuuliza rangi ya upepo. "Mama, mtumbwi unabebwa na maji. Hubebi wewe."

"Mpaka ufike kwenye maji," nikamwambia, "ni mimi."

Ninamkumbuka fundi yule kwa wema, kwa sababu hakunicheka na hakunifukuza. Nilimwomba anipigie kiraka kidogo tu, juu ya kile kipande nilichokuja nacho, nikione. Akanipigia. Niliporudi kesho yake kilikuwa kigumu kweli, kama alivyoahidi, na kinene. Nilikishika mkononi, kipande na kiraka chake, nikasikia mara moja kwamba kiraka ni kizito kuliko kitu kinachozibwa. Halafu nikaomba bisibisi. Niliisukuma ncha yake kwenye ukingo, pale kipya kilipokutana na cha zamani, na kiraka chote kikabanduka kizima, safi, kama ganda la ndizi mbivu.

Fundi alikiokota. Akapitisha kidole chini yake, mahali palipokuwa laini kama kioo.

"Haijashika," akasema, na nilimwona hakupenda. "Hii yako imetengenezwa na resini nyingine. Yangu inalala juu yake tu, haiingii."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, mama, mimi ningekuzibia, ungefurahi, na siku moja ungekuwa katikati ya maji kiraka kikiwa kinaelea pembeni yako." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tafuta epoksi. Ile inashika kila kitu. Mimi siifanyii kazi."

Nilirudi Moshono na neno moja jipya. Lakini mitaa ya kwetu siku hizi neno hilo si geni, kwa sababu ya meza. Maseremala wamejua kumwaga epoksi katikati ya mbao mbili, ikiwa na rangi ya bluu, ikauke ionekane kama mto. Nilikwenda kwa seremala wa jirani, nikamweleza, akanipimia kidogo kwenye kikopo cha mtindi kwa moyo safi. Nikajaribu kwenye kipande kingine, kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu sikuwa na kingine. Siku ya kwanza ilikuwa maji. Siku ya pili ilikuwa gundi. Ilipopita wiki bado ukiibonyeza ukucha unazama, na nyingi ilikuwa imetiririka ikaishia mezani kwangu, mahali ilipo mpaka leo. Seremala alikuna kichwa. Yake ilikuwa ya kumwagwa nene na kuganda polepole; kwenye kitambaa chembamba, tena kwa baridi iliyokuwa imeanza kushuka kutoka mlimani, haikuwa na joto la kuiamsha.

Katika siku hizo nilikwenda ziwani mara moja kuchukua vitu vyangu. Mwenyekiti aliniuliza kama mahori yameshapatikana. Nikamjibu kwamba natafuta vifaa. "Vifaa," akarudia, kwa wenzake, na wakalibeba lile neno wakalipokezana kwa furaha. Jamaa mmoja aliniambia kwa upole kweli, bila kejeli, kwamba nishike mtumbwi wa kikundi kama zamani, watanisaidia kubeba, kwani shida iko wapi?

Shida ilikuwa hapo hapo, kwenye kusaidiwa. Nilijaribu kumweleza nikaona maneno hayatoshi. Mtu ambaye hajawahi kusubiri wengine wamalize chai ndipo aanze siku yake, utamwelezaje? Nikabeba kafi langu nikaondoka.

Aliyenielewa nilimpata Usa River, na sikumpata kwa akili yangu. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu, anayetembea kwa mguu wa bandia, alikuwa amekaa mbele yangu ibadani. Tulipotoka nje nikaona pale gauni lilipoinuka, juu ya kifundo, mguu ule una ngozi ngumu inayong'aa, na ndani yake mistari ya kitambaa kilichofumwa, inaonekana kama kwenye mtumbwi wangu. Nilimwomba radhi, nikamuuliza ametengenezewa wapi. Akanielekeza.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba: meza ndefu, nyayo za mpira zimepangwa ukutani, na mwenyewe fundi, mwanamke wa umri wangu aliyevaa aproni yenye madoa. Alikuwa amesomea kazi hiyo, akaifanya hospitalini kwa muda mrefu, kisha akafungua yake. Niliweka mezani vipande vyangu vyote: kile kilichobanduka, kile kilichobaki gundi, na cha mtumbwi wenyewe. Nikasimulia. Nilipofika pale ambapo fundi wa bampa alisema maji ndiyo yanayobeba, akaniinulia mkono nisite kwanza.

"Unajua mguu wa bandia ukizidi uzito kidogo, kidogo tu, kinatokea nini?" akauliza.

"Kinatokea nini?"

"Mtu anakushukuru, anapiga picha, anakwenda nao nyumbani, anauweka chini ya kitanda. Halafu anarudi kwenye magongo yake. Usikubali uzito, dada. Mwenye kubeba ndiye anayejua."

Sikuwa nimelia tangu tawi lianguke. Pale karibu nilie, nikajifanya natazama zile nyayo.

Tukaanza kuchagua. Alifungua kabati akaniwekea vitambaa kimoja kimoja mkononi, nivisikie. Cha kwanza kilikuwa mati, kama ya Themi. Akaisukuma pembeni: inakunywa resini kama mtu aliyetoka jangwani, akasema, na resini ndiyo uzito. Cha pili kilikuwa kaboni, cheusi, kinameta kama mgongo wa nyoka. Nilikitamani. Nilijiona nikipita mbele ya wale wanaume na kiraka cheusi kama cha gari la mashindano, na nadhani ilionekana usoni.

"Kizuri, eh?" akasema. "Lakini ni kikaidi. Hakipindi. Mtumbwi wako unapinda kila wimbi likipita, si ndiyo?"

"Unapinda. Unausikia magotini."

"Ukiweka sehemu moja isiyopinda katikati ya kitu kinachopinda, ufa utahamia ukingoni. Utaziba hapa, utapasuka pale."

Nikakirudisha kabatini kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa iliniuma.

Kevla yenyewe hakuwa nayo, na alisema hata angekuwa nayo asingenipa ya kuweka nje, kwa sababu haikubali msasa. Ukiisugua inaota manyoya badala ya kulainika, na mtumbwi unaburuzwa kwenye mchanga na mawe. Mwisho alitoa kitambaa cha kioo kilichofumwa, cheupe, chembamba, laini kama kitambaa cha mezani cha harusi. Alikata kona akailowesha kwa tone la resini. Weupe ukapotea, ikabaki kama hakuna kitu pale.

"Hiki," nikasema.

"Hiki," akakubali. "Matabaka machache, ya mviringo, kila moja kubwa kidogo kuliko lililotangulia. Usikate kona kali, kona ndiyo inayoanza kubanduka. Na epoksi nyembamba, ya kulowesha vitambaa, siyo ya meza. Hiyo naiagiza kwa wajenzi wa boti Dar, inakuja na basi. Kazi utafanya wewe?"

"Nitafanya mimi."

"Vizuri," akasema, kana kwamba hakutarajia jibu lingine.

Nikaifanya Nkoaranga, katika banda la kahawa, na Juni ilikuwa imekwisha kufunga mlima wote kwa ukungu. Nilivaa glovu na barakoa. Nilikata nyuzi zote zilizokufa kwa mkasi ambao haukufaa tena kukata kitu kingine. Niliusukuma ule ubavu kutoka ndani kwa kipande cha gogo la mkahawa nilicholainisha, polepole, mpaka ukalia kidogo na kurudi mahali pake. Nikapiga msasa kuzunguka jeraha mpaka mng'ao wote ukaisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage, anasema hatazami.

Resini nilipima kwa makini kama nilivyoagizwa, nikachanganya, nikaanza kulaza vitambaa. Nilitumia kadi ya zamani ya benki kusukuma kilichozidi kitoke pembeni, kwa sababu kinachobaki ndani bila kazi ni uzito tu. Kila tabaka lilipolala, weupe ulipotea na njano ya zamani ikatokea tena chini yake. Nilifanya nje, nikasubiri kishike, nikageuza, nikafanya ndani. Mahali pamoja nilinasa kiputo cha hewa, kama punje ya dengu, nikakigundua nikiwa nimeshachelewa. Kipo hadi leo.

Halafu baridi. Jioni ile kiraka kilikuwa bado kinanata, na asubuhi yake vilevile. Nilikaa juu ya gunia nikakitazama, nikakumbuka gundi ya meza, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba labda wale wanaume wana haki ya kucheka.

Mama akaweka ungo chini.

"Kinataka nini?"

"Joto, mama. Lakini siyo moto."

Aliinuka akaenda jikoni. Alirudi na chupa za plastiki zilizojaa maji ya moto, amezifunga kwa khanga. Nikatandaza nailoni juu ya kiraka, tukazipanga chupa juu yake, tukafunika na blanketi. Zilipopoa alizibeba tena jikoni. Mchana kutwa alikwenda na kurudi, mimi nikizipanga, yeye akizijaza.

"Nilimlea mdogo wako hivi," akasema, "alipozaliwa kabla ya wakati. Hakuna aliyedhani ataishi. Walikuwa wameshaniambia nisimtafutie nguo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Kulikuwa na haja gani? Si alipona?"

Kesho yake nilibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Nikachukua bisibisi, ile ile hila ya Themi, nikaisukuma kwenye ukingo. Nikasukuma kwa nguvu. Nikasukuma kwa hasira yote niliyokuwa nimeipandisha mlimani na ule mtumbwi, na kilichobanduka kilikuwa ngozi ya kiganja changu. Nilicheka mpaka mama akatoka nje kuona kuna nini.

Epoksi haipendi jua, kwa hiyo nilipaka kiraka rangi, nyekundu iliyobaki kwenye kopo mama alipopaka bati la nyumba. Sikujitaabisha kutafuta njano ya kufanana. Kisha nikasokota ngata, nikaingia chini ya mtumbwi, nikasimama. Ulikuwa umelemea kidogo upande wa kiraka, kama mtoto anayeegemea bega moja. Nikaisogeza ngata upana wa kidole, ukatulia. Nilitembea nao katikati ya migomba hadi barabarani, kuku wakinikimbia, mama akinifuata nyuma akisema, "Angalia mzizi. Angalia tope."

Siku niliyourudisha ziwani hewa ilikuwa tulivu. Nilishuka kutoka kwenye kirikuu, nikautwika, nikaelekea gatini. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Hongera," akasema. Alikuwa amekiona kiraka. Kwa wekundu ule hata aliye ng'ambo angekiona. "Lakini huo hauingii majini hapa mpaka tuukague. Ni usalama."

"Nani ataukagua?"

"Sisi. Kikundi."

"Mlishaukagua ulipovunjika. Mkasema nifugie nguruwe."

"Mama, usilete maneno. Hili ni gati la kikundi."

Hapo alikuwa sahihi. Gati lilikuwa la kikundi, limejengwa kwa mbao za kikundi, na mimi sikuwa na nguvu ya kumtoa njiani. Mtumbwi wa kikundi niliotumia zamani, ule wa faiba nene, ungenilazimisha nisimame pale niombe, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ambayo watu wawili wangeweza kupita nao. Lakini huu nilikuwa nimeubeba kichwani. Nilikuwa na kibali changu cha kuingia msituni kama mtu mwingine yeyote, na ziwa lile lina kijia kinacholizunguka lote, chembamba, chenye mizizi, kinachopita chini ya miti mikubwa na kushuka ghafla kwenye ufukwe mdogo wa matope ng'ambo. Hakuna anayepitisha mtumbwi pale. Haiwezekani, wote wanajua.

Niligeuka nikaingia kijiani.

Nilisikia mtu akiniita, kisha mwingine akisema, "Mwache, atarudi." Sikuweza kugeuka, maana ukiwa na mtumbwi kichwani huoni isipokuwa miguu yako na hatua inayofuata. Niliinama chini ya matawi. Mahali pa mwinuko nilishika mizizi kwa mkono wa bega bovu, ule mzima umeshika ukingo. Jasho liliniingia machoni. Pale njia inaposhuka nilikaa chini nikateleza kwa makalio, mtumbwi mapajani, bila aibu, kwa sababu hapakuwa na wa kunitazama isipokuwa mbega mmoja juu ya mti.

Nilipouweka majini nilisimama kwanza nikiwa nimeushika. Nikapanda, nikapiga magoti, nikaweka kiganja upande wa ndani wa kiraka. Nikasukuma.

Maji yaligonga ubavu. Nilikwenda mbele kidogo, nikakausha kiganja kwenye sketi, nikakiweka tena pale. Kikavu. Nikaulaza mtumbwi makusudi upande ule, kiraka chote kikazama. Kikavu. Nikapiga kafi mpaka katikati, kule kusiko na mwisho, nikapita mbele ya gati nikiwa mbali kiasi cha kutosikia maneno na karibu kiasi cha kuonekana rangi.

Kikundi kilinitoa majuma machache baadaye. Walisema nimevunja utaratibu, na kwa utaratibu wao nilikuwa nimeuvunja kweli. Msimu ule wageni walikuwa wachache kwangu, nikashinda zaidi shambani kwa mama nikichuma kahawa. Sikuomba kurudi. Polepole walianza kuja wengine, wengi wao wanawake wa hapa hapa, walimu, wauguzi, mama mmoja muuza nguo wa sokoni, wanaotaka kujua kupiga kafi na hawakupenda kufundishwa na watu wanaowacheka. Fundi wa miguu alikuja na yule mwanamke wa kanisani. Huyo wa kanisani ndiye aliyeshika upesi kuliko wote.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Siku ile, nilipochoka, sikurudi kwenye matope. Nilikuja moja kwa moja gatini, mchana kweupe, wakiwa wamekaa na sahani zao za makande. Hakuna utaratibu uliosema mtu asitoke majini. Nikashuka ndani ya maji ya magoti, nikaupindua mtumbwi, nikautwika, nikapanda katikati yao. Mwenyekiti aliendelea kula. Mzee mmoja, ambaye siku zote alikuwa amekaa kimya, alivuta miguu yake ili nipite.

"Pole na mzigo, mama," akasema.

"Asante," nikamjibu. "Si mzito."

Nikapanda kilima.